Kabla ya Kanaba

Fundi Nkwasibwe ameyatandaza matumbo ya kanta yangu
juu ya gunia tupu, hapa Kigongi, Kabale,
asubuhi ambayo ukungu bado haujaamua kuondoka.
Mpira wa juu. Mpira wa chini. Themostati.
Wota pampu yenye ute wa kijani mdomoni
kama mtoto aliyelala. Mkanda wa feni.
Na kifuniko kidogo cha rejeta
ambacho zamani nilidhani ni kifuniko tu.

Anaubonyeza mpira karibu na sikio langu.
Unalia kra, kra, maganda makavu ya maharage.
"Umesikia? Huu umeanza kuongea.
Una miezi, au una kilomita tatu."
Anacheka. Hajui ni ipi.
Hakuna anayejua ni ipi.

Shemeji Sebagabo kaegemea mlango na kikombe chake:
"Mama Ndagijimana, kitu hakijapasuka unakitupa?
Unamzika mgonjwa anayetembea?"
Nzuri hiyo. Hata mimi nimecheka.
Kisha nimehesabu laki tatu na elfu arobaini,
magunia matatu ya viazi vyekundu na ushee,
nikaziweka kwenye kiganja cheusi cha oili.

Methali ya ufa na ukuta tunaijua sote,
watoto huiandika kwenye mtihani wakapewa alama.
Lakini hakuna aliyeniambia
kwamba anayeziba ufa
hana wa kumwonyesha ukuta aliouepuka.

Mimi hadithi ninayo. Ina miaka miwili.
Kona ya nne kabla ya kilele cha Kanaba,
sindano ya joto imelala kwenye nyekundu,
nami nasema twende tu, twende,
tutapumzika juu.
Mpira ukapasuka kwa sauti ya kofi.
Utingo wangu Twizerimana, miaka kumi na tisa,
hodari, mwepesi, hajatumwa na mtu,
akafunga kitambaa mkononi
akakizungusha kile kifuniko kidogo.

Sitaeleza. Maji yaliruka kupita bodi.
Mwanamke tusiyemjua, aliyepanda kutoka bondeni
na dumu lake la siku nzima kichwani,
alilimimina lote kwenye mkono wa mtoto wa watu
akageuka, akateremka tena kuchota.

Hadithi hiyo nimeisimulia mpaka harusini.
Watu huipenda. Huniongezea soda.

Jumatano tumetoka Kisoro na magunia thelathini,
Muhavura kwenye kioo cha pembeni, umevaa wingu begani.
Kona ya kwanza. Ya pili, gia ya chini, injini inanguruma
kama mtu anayebeba kabati ngazini.
Sindano katikati. Haitikisiki.
Ya tatu. Twizerimana anatafuna hindi la kuchoma
lakini jicho lake na langu
yamekutana mara mbili kwenye ile sindano.
Kona ya nne ikaja.
Ikapita.

Mbele kidogo, lori la mbao limekaa pembeni linafuka,
wanaume wawili wanalipepea kwa kofia zao
kama wanaomfufua bibi harusi aliyezimia.
Mmoja ameshakunja kitambaa.
Nikafunga breki. Nilikuwa natafuta maneno,
Twizerimana tayari yuko chini.
Hakusema. Alipandisha shati mpaka kiwiko,
akaunyoosha ule mkono wa kulia,
ngozi yake karatasi iliyolowa ikaanikwa juani,
akaushikilia hewani kati yao na rejeta.

Wakarudi nyuma hatua mbili.
Tukawaachia maji. Tukawaachia nusu ya hindi.
"Lipoe kwanza," nikasema. "Mlima hauendi popote."

Jioni Sebagabo kanikuta nashusha viazi,
kikombe kilekile mkononi.
"Haya, safari?"
"Tulifika."
Akangoja niendelee.
Akangoja sana,
mpaka chai yake ikapoa.